Setilaiti hupita mara moja moja, maji huja usiku mmoja: ramani ya mafuriko tuiamini kiasi gani?

Swali: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa katika eneo lililo kando ya mto. Mto ulipofurika mara ya mwisho, maji yaliingia majumbani usiku, tukaamka yamefika magotini. Sasa mshauri ametuletea ramani iliyotengenezwa kwa data za setilaiti na modeli ya kompyuta. Palipopakwa buluu ni hatari. Kilicho nje ya buluu, anasema, ni salama. Kamati inataka kuitumia kuamua nani ahame na wapi pajengwe. Mimi nina shaka. Setilaiti nasikia hupita juu yetu kila baada ya siku kadhaa, na maji yetu huja kwa saa chache. Itatuonyaje? Na ramani ile tuiamini kiasi gani?"

Jibu: Shaka yako ina msingi, ila umeielekeza penye tatizo dogo. Setilaiti kuchelewa kupita ni jambo tunaloweza kuishi nalo, na nitaeleza kwa nini. Kinachonitia wasiwasi mimi ni yale maneno "kilicho nje ya buluu ni salama". Buluu ile imechorwa juu ya kimo cha ardhi, na katika ramani nyingi za namna hii kimo hicho hakikupimwa na mtu aliyesimama pale. Kilikadiriwa kutoka angani, kwa makosa ambayo wakati mwingine ni makubwa kuliko kina cha mafuriko yenyewe.

Nianze na macho ya angani. Siku ya mafuriko mbingu huwa imefunga, kwa hiyo setilaiti za picha za kawaida, zinazotegemea mwanga wa jua, huambulia migongo ya mawingu tu. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tumeshikilia rada. Inayotumika zaidi ni familia ya Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Inazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 693, inatuma mawimbi ya redio yenye urefu wa takriban sentimita 5.5 kwa mshazari kuelekea ardhini, kisha inasikiliza mwangwi. Mawimbi hayo hayajali wingu wala giza. Kila inapopita hufagia ukanda wenye upana wa kilomita 250, na picha zake, zenye pikseli (yaani nukta za picha) za mita 10, hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Siri yake ni kwamba maji yaliyotulia ni kioo. Wimbi linalokuja kwa mshazari likigonga kioo hurukia mbele na kutokomea. Setilaiti husubiri mwangwi usiorudi, na pikseli ile huwa nyeusi. Ardhi yenye mabonge na majani hutawanya wimbi kila upande, na sehemu yake hurudi juu. Chukua picha mbili za mahali pamoja, moja ya wiki ya ukavu na nyingine ya siku baada ya mvua kubwa, uziweke ubavu kwa ubavu kwenye skrini. Katika ya kwanza mto ni uzi mweusi uliopindapinda ndani ya kijivu chenye chengachenga. Katika ya pili uzi umevimba, umemeza kona zake, na palipokuwa mashamba pana doa kama wino uliomwagika, lenye vijidoa vyeupe ndani: hivyo ni visiwa, au vichaka, au mapaa. Hesabu inayofuata ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unachagua kizingiti cha nguvu ya mwangwi, unaiambia kompyuta "kila kilicho chini ya hapa ni maji", unaondoa maji ya kudumu kama mto wenyewe na maziwa, na kinachobaki ndiyo mafuriko.

Wepesi huo ndio unaodanganya. Upepo ukivuma juu ya maji na kuyapiga mawimbi, kioo huvunjika na maji huonekana kama nchi kavu. Lami ya uwanja wa ndege na mchanga mkavu uliolala vizuri huonekana kama maji. Nyuma ya mlima kuna kivuli cha rada, nacho ni cheusi vilevile. Lakini lililo muhimu kwenu ni la mjini. Wimbi likianguka juu ya maji yaliyosimama kando ya ukuta hudunda majini, likagonga ukuta, likarudi moja kwa moja lilikotoka. Mtaa uliojaa maji unaweza kung'aa kuliko ulivyokuwa mkavu! Msituni huwa hivyohivyo, kati ya maji na vigogo. Kwa hiyo ramani iliyotokana na kizingiti chepesi hupaka mashamba buluu na kuuacha mtaa mweupe, si kwa sababu mtaa haukufurika, ila kwa sababu rada haikuuona. Wapo wataalamu wanaolishughulikia hilo kwa kulinganisha picha za kabla na za baada kwa njia nyingine. Muulize mshauri wenu alifanyaje. Akionekana hajui unauliza nini, hilo nalo ni jibu.

Sasa lile la kuchelewa. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudi kwenye njia yake ileile kila baada ya siku 12. Zikiwa mbili, siku 6. Mto wenu ukifurika saa tano usiku na kushuka alfajiri ya pili, kuna uwezekano mkubwa hapakuwa na jicho juu yake. Hata mafuriko makubwa huonekana baada ya tukio. Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Picha ya Sentinel-1 iliyosambazwa sana, ikionyesha nchi iliyogeuka bahari kuzunguka mji huo, ni ya tarehe 19. Siku nne ni nyingi kwa aliye juu ya paa. Kwa mwokoaji asiyejua vijiji vipi vimekatika, bado ni habari.

Kwa anayejenga modeli ni hazina, na hapa ndipo ninapotaka ubadili unavyoifikiria setilaiti. Usiihesabu kama mlinzi wa zamu. Ihesabu kama shahidi wa kesi zilizopita. Picha ya siku nne baadaye inaonyesha ukingo wa maji ulipokuwa, mahali pengi kwa mara moja, hata pasipokuwa na kipimo chochote mtoni. Modeli yoyote inayodai kuelewa mto wenu inapaswa kwanza kuurudia ukingo huo. Isipoweza kueleza mafuriko yaliyokwisha tokea, sembuse yajayo?

Kumbukumbu hiyo inarudi nyuma sana. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa angani tangu 1972, na hazina yake yote ilifunguliwa bure mwaka 2008. Mwaka 2016 kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilitoa ramani za maji ya juu ya ardhi ya dunia nzima zilizochambuliwa kutoka picha za Landsat zipatazo milioni 3, za 1984 hadi 2015: kwa kila kipande cha mita 30 unaona maji yaliwahi kufika au la, na mara ngapi. Mimi nikipewa eneo jipya hufungua hizo kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za mvua. Lakini kumbuka Landsat ni picha ya kawaida. Mafuriko ya usiku mmoja chini ya wingu hayamo humo, na doa lisiloonyesha maji halimaanishi hayajawahi kufika.

(Shahidi huyu ana faida nyingine ambayo wanasiasa hawaipendi sana. Mwaka 2022, mafuriko ya Pakistani yalitangazwa duniani kote kwamba yameifunika theluthi ya nchi. Wachambuzi wa picha za setilaiti wa Umoja wa Mataifa walikadiria eneo lililoathirika mwezi Agosti kuwa kilomita za mraba 75,000 hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi. Ni msiba wa kutisha bila kuhitaji kuongezwa chumvi.)

Mvua nitaipita haraka. Mtandao wa setilaiti za mvua unaoongozwa na setilaiti iliyorushwa na NASA, shirika la anga la Marekani, na shirika la anga la Japani Februari 2014 hutoa makadirio ya kila nusu saa kwa miraba ya takriban kilomita 10, na toleo la haraka hupatikana baada ya saa nne hivi. Kwa mto mkubwa unaochukua siku tatu kuleta maji kutoka milimani, saa nne si kitu. Kwa kijito kinachofurika saa mbili baada ya ngurumo, habari inafika maiti ameshazikwa. Tena setilaiti haipimi mvua kama ndoo inavyopima. Inasoma baridi ya vilele vya mawingu na alama za matone na barafu ndani yake, halafu inakisia, na mvua ya mawingu mafupi kwenye miteremko huipita bila kuiona. Ndiyo maana vipima mvua vitatu vinavyosomwa kwa uaminifu kule juu ya bonde ni mali, hata vikiwa vya plastiki.

Sasa kimo cha ardhi.

Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada mahali pawili, ndani ya chombo na kwenye nguzo ndefu iliyochomoza nje. Kwa siku hizo 11 tulipata kimo cha sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Ilikuwa kazi ya ajabu, na data zake zingali zinatumika. Ila rada ile haikuona udongo. Iliona kitu cha kwanza ilichogonga: vilele vya miti, mapaa, mikoko. Msitu wenye miti ya mita 15 ukawa, kwenye kompyuta, kilima. Modeli ikimwaga maji, maji yanafika kwenye msitu na kusimama kama yaliyogonga ukuta. Ukiona katika ramani yenu ukingo wa buluu unafuata mpaka wa msitu au shamba la miti kwa unadhifu wa kushangaza, umeshaijua sababu.

Zipo data mpya bora. Setilaiti pacha za Ujerumani zilipima dunia upya kati ya 2011 na 2015, na kutokana nazo Ulaya imetoa ramani ya kimo ya mita 30, bure. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitoa toleo ambalo miti na majengo yameondolewa kwa makadirio ya kompyuta. Ni hatua kubwa. Hata hivyo hata toleo hilo lina kosa la mita kadhaa mahali pengi, na hapa fanya hesabu mwenyewe. Nyanda za mito ni bapa. Tuseme ardhi yenu inapanda nusu mita kwa kila kilomita unapoondoka mtoni. Kosa la mita 1 kwenye kimo linasogeza ukingo wa maji kilomita 2. Kilomita mbili! Mstari mwembamba wa buluu uliochorwa kana kwamba kwa kalamu ya wino kumbe kwa haki ungepaswa kuchorwa kwa ufagio.

Tuta nalo. Chukua tuta la kuzuia maji lenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 6, likikatiza pikseli ya mita 30. Pikseli inajua namba moja tu, wastani. Mita 2 za tuta zikigawanywa kwenye upana wote wa pikseli zinabaki sentimita 40. Kwenye kompyuta tuta lenu limekuwa kijituta cha kurukwa na mtoto, na modeli italivusha maji mapema mno. Daraja hufanya kinyume chake: rada imeona sakafu ya daraja, haikuona uwazi wa chini, basi daraja linakuwa bwawa. Mchoraji mwangalifu hupita mto mzima, daraja moja moja, akiyatoboa kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha isiyoonekana kwenye ripoti, na mtu anayeifanya kwa haraka huiacha.

Dawa ya kweli ni leza inayobebwa na ndege, ambayo hupenya kati ya majani na kukosea kwa sentimita 10 hadi 20 tu. Ni ghali. Msipoimudu, pimeni kwa chombo cha GPS cha wapima ardhi vitu vichache vyenye uzito: mgongo wa tuta kwa urefu wake wote, barabara kuu, sakafu ya shule na zahanati, na mikato kadhaa ya mto kutoka ukingo hadi ukingo. Siku kumi za timu ya upimaji zinaweza kuiboresha ramani yenu kuliko mwaka wa kununua picha za angani. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa picha za angani.

Modeli yenyewe ni nini? Kwa kawaida ni mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza inageuza mvua kuwa mto: mvua kiasi hiki ikinyesha juu ya ardhi iliyolowa kiasi hiki, maji kiasi gani yatapita chini ya daraja, na lini. Ya pili inayachukua maji hayo na kuyatandaza juu ya ardhi. Inaikata nchi katika miraba na kuuliza kila mraba, kila baada ya sekunde chache: maji yako yako juu kuliko ya jirani? Basi mpe. Kanuni zinazoendesha hesabu hiyo ni za Mfaransa Saint-Venant, za mwaka 1871. Tulichoongeza ni kasi ya kuhesabu. Kasi nayo ina bei. Ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, miraba inakuwa mara nne, na hatua za muda lazima zifupishwe kwa nusu, kwa hiyo kazi inakuwa mara nane. Kutoka miraba ya mita 30 hadi ya mita 7.5 ni mara 64. Ndiyo maana utaletewa ramani ya miraba mikubwa na kuambiwa inatosha. Inaweza kutosha kwa bonde. Kwa mitaa yenye vichochoro haitoshi.

Kisha kuna ukinzani wa ardhi, namba ambayo kila modeli inaihitaji na ambayo hakuna setilaiti inayoipima moja kwa moja. Tunaiita namba ya Manning, kwa jina la mhandisi wa Ireland. Maji ya kina cha mita 1 yakitiririka kwenye mteremko wa nusu mita kwa kilomita juu ya malisho ya nyasi fupi, tukitumia namba 0.035, huenda mita 0.64 kwa sekunde. Weka 0.1, ya vichaka vilivyosongamana, yanashuka hadi mita 0.22. Kwenye umbali wa kilomita 8 hiyo ni tofauti ya saa tatu na nusu dhidi ya karibu saa kumi. Maji ni yaleyale na mvua ni ileile, ila kwa namba moja iliyochaguliwa ofisini, onyo lenu linakuwa la kuhamisha kijiji kizima kwa utulivu au la kukimbia na watoto mgongoni. Hapa shahidi wetu wa angani anafaa mara mbili: kwanza kwa kuonyesha wapi ni nyasi na wapi ni kichaka, halafu kwa kukubali au kukataa ukingo ambao modeli imeutoa.

Nami nimewahi kuumbuka. Katika kazi moja ya miaka ya nyuma, modeli yetu ilikubaliana vizuri na picha ya rada kwenye mashamba, tukaridhika. Kulikuwa na mtaa mmoja nyuma ya barabara uliobaki mkavu kwenye modeli, na kwenye picha ya rada pia haukuonyesha kitu, tukasema mashahidi ni wawili. Tulipofika kukabidhi ripoti, ukuta wa shule ulikuwa na alama ya tope iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Niliipima kwa futi kamba: sentimita 84 kutoka sakafuni. Barabara ilikuwa na kalavati, na sisi tulikuwa tumeliweka kwenye modeli likiwa wazi kama lilivyo kwenye michoro. Usiku ule lilikuwa limezibwa na magogo na mifuko, maji yakarudi nyuma, yakajaa mtaani. Modeli haikujua takataka, na rada, kwa sababu ya zile kuta nilizokueleza, haikuona maji. Mashahidi wetu wawili walikuwa na upofu mahali pamoja. Tangu siku hiyo nikijenga modeli naiendesha mara mbili, makalavati yakiwa wazi na yakiwa yameziba, na nakabidhi zote.

Lipo tena neno ambalo bila shaka limeandikwa pembeni mwa ramani yenu: "mafuriko ya miaka 100". Watu hulielewa kwamba yakija leo hayarudi hadi wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, mwaka huu na mwakani vilevile. Anayeishi ndani ya mstari huo kwa miaka 30 ana uwezekano wa asilimia 26 wa kuyaona angalau mara moja. Na namba yenyewe imetoka wapi? Mara nyingi kwenye vipimo vya mto vya miongo michache, vilivyovutwa kwa hesabu hadi kufikia miaka 100. Bonde la Ahr nchini Ujerumani, nchi isiyokosa fedha wala kompyuta, linatosha kuwa mfano. Takwimu zilizotumika kukadiria hatari zilianza 1947, kwa kuwa hapo ndipo vipimo vilipoanza. Mafuriko makubwa ya 1804 na ya 1910, yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kale, hayakuingizwa. Julai 2021 maji yalikuja ya namna ya 1804. Kituo cha kupimia kina cha mto huko Altenahr kilisombwa, na zaidi ya watu 130 walikufa bondeni humo. Mfumo wa Ulaya wa tahadhari ya mafuriko ulikuwa umeanza kutoa ishara kwa bonde la mto Rhine siku kadhaa kabla. Kwa hiyo usiulize tu kama modeli ilionya. Fuatilia onyo lilipitia kwa nani hadi likafika mlangoni.

Na hata vipimo vizuri vya zamani ni vya hewa ya zamani. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mwambieni mshauri aendeshe modeli kwa mvua iliyoongezwa, asilimia 10 na 20, muone buluu inaenda wapi. Ikiwa inapanuka kidogo tu, vizuri. Ikiruka barabara na kuingia bondeni upande wa pili, mmejifunza kitu ambacho ramani moja isingewaambia.

Kuhusu akili bandia, kwa kuwa nina hakika itatajwa kikaoni: utafiti wa Google uliochapishwa kwenye jarida la *Nature* mwaka 2024 ulionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa rekodi za maelfu ya vituo vya mito inaweza kutabiri mafuriko hata kwenye mito isiyo na kipimo, na utabiri wake wa hadi siku 7 unapatikana bure kwa nchi zaidi ya 80. Mfumo wa Ulaya wa GloFAS nao hutoa utabiri wa mito ya dunia nzima kila siku. Tumieni yote miwili. Lakini inazungumzia mito, na kwa kiwango cha siku. Haijui kalavati lenu.

Utabiri wa aina hiyo hauji kama "yatakuja" au "hayaji". Kompyuta huendesha hali ya hewa mara nyingi, 51 katika kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kila mara kwa mwanzo uliotofautishwa kidogo, halafu huhesabu ni mara ngapi mto umevuka ukingo. Utaambiwa asilimia 30. Kamati nyingi husikia "asilimia 30" na kurudi kulala. Fanyeni hesabu nyingine: kama kuhamisha mifugo, mbegu na wagonjwa kunagharimu 1, na kutokuhamisha maji yakija kunagharimu 10, basi kila uwezekano unaozidi asilimia 10 unastahili kuhama. Mtahama bure mara nyingi. Mkubaliane hivyo leo, kwa maandishi, na namba mkiwa mmeziweka wakati jua linawaka. Julai 2020, kabla mafuriko ya Bangladesh hayajafika kileleni, fedha za dharura za Umoja wa Mataifa zilitolewa kwa sababu utabiri ulivuka kizingiti kilichokubaliwa kabla; watu wakapokea pesa mkononi maji yangali njiani.

Sasa turudi kwenye ramani yenu. Msiitupe, wala msiitumie bado kuamua nani ahame. Mwombe mshauri akwambie kimo cha ardhi amekitoa wapi na kina kosa la kiasi gani. Aoneshe ukingo kama ukanda, wa kiasi cha chini na cha juu, badala ya mstari. Aweke kina na kasi ya maji, siyo rangi moja, kwa maana sentimita 20 zilizosimama na mita moja inayokimbia haziwezi kupakwa buluu ileile. Kisha atafute picha za rada za siku za mafuriko yenu ya mwisho. Tarehe mnayo. Ninyi kwa upande wenu pitieni nyumba kwa nyumba na futi kamba na simu, mpime alama za tope kabla hazijapakwa chokaa, muandike kimo na mahali, na saa ambayo kila mwenye nyumba anakumbuka maji yalipoingia. Nyumba arobaini zatosha. Pelekeni orodha hiyo kikaoni, iwekwe juu ya ramani mbele ya wote, na mhesabu ni nyumba ngapi kati ya zilizoingiwa na maji zimo nje ya buluu.